Wafaransa na miaka 64, sisi na kikokotoo: nani alisema kuandamana kuko kwenye damu?

Bint Mwalimu (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari za leo.

Uzi huu nimeubeba kichwani tangu 2023. Kilichonifanya niuandike ni sentensi ya shemeji yangu kwenye kundi la familia: "Wafaransa wanaandamana kwa sababu wameshiba. Sisi ni watu wa amani." Wote wakaweka dole gumba. Mimi nilishindwa.

Naishi kaskazini mwa Paris mwaka wa tisa sasa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: naogesha, nalisha, nageuza kitandani. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, yuko Korogwe. Kwa hiyo uzee nauona kila siku wa huku, na wa nyumbani nausikia kwa simu kila Jumapili. Nisemayo nimeyaona.

Tarehe 10 Januari 2023 Waziri Mkuu Élisabeth Borne alitangaza kwamba umri wa kustaafu utapanda kutoka 62 hadi 64, na kwamba kuanzia 2027 mtu atahitaji miaka 43 ya michango ili apate pensheni kamili. Tarehe 19 Januari watu wakaingia barabarani. Wizara ya Mambo ya Ndani ilihesabu milioni 1.12 nchi nzima, chama cha wafanyakazi cha CGT kikasema wamezidi milioni 2. Huku kila maandamano yana hesabu mbili, ya polisi na ya vyama, na taarifa ya habari inazisoma zote mbili bila kuona ajabu.

Siku ile nilikuwa na zamu ya mchana, nikapita uwanja wa République asubuhi kuangalia tu. Nilitegemea vurugu. Nilichokuta ni maputo makubwa ya vyama yanaelea juu ya watu, moshi wa soseji za merguez, mababu kwa fimbo zao, watoto mabegani mwa baba zao. Nilisimama kando ya ukuta, pasipoti mfukoni, moyo unadunda kama mwizi, kwa sababu tangu utotoni nilifundishwa kwamba ukiona kundi la watu wanaimba barabarani na wewe si harusi yako, geuza njia.

Naomba tujadili: hofu ile niliitoa wapi, na wao ujasiri wameutoa wapi? Siamini kabisa kwamba ni damu.

Mzawa wa Singida

Dada, kwa heshima zote. Miaka 64 ndiyo ya kuchoma nchi? Sisi tunastaafu kwa lazima tukiwa na 60 na wapo wanaoomba waongezewe. Na niliuona mlango wa ukumbi wa jiji la Bordeaux unawaka moto kwenye runinga. Hiyo ndiyo amani unayotusifia?

Bint Mwalimu

Mkuu, mlango wa Bordeaux uliwaka kweli, tarehe 23 Machi, wala sitautetea. Ila angalia kalenda. Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi vyama 8 vya wafanyakazi vilishikana mikono, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka mingi, vikaongoza mamilioni ya watu kwa utulivu mkubwa. Tarehe 7 Machi polisi wenyewe walihesabu milioni 1.28. Tarehe 16 Machi serikali ikaona kura za bungeni hazitoshi, ikatumia ibara ya 49.3 ya katiba, inayopitisha muswada bila kura isipokuwa bunge liiangushe serikali. Kura ya kutokuwa na imani ikakosa sauti 9 tu. Moto wa usiku ulishika kasi kuanzia hapo. Watu walikuwa wameshapiga foleni kwenye kila mlango wa kisheria, wakafika dirishani likafungwa.

Kuhusu 64, sikiliza hesabu yenyewe, maana hapo ndipo wengi wa nyumbani tunapoteleza. Aliyesoma hadi 24 ndipo akaanza kazi, miaka 43 ya michango inamfikisha 67. Kwake 62 au 64 ni namba tu. Aliyeumia ni aliyeingia kazini mapema, mwenye mgongo uliokwisha. Akaumia na mama: kila mtoto alimpa robo mwaka za nyongeza kwenye michango, na robo zile ndizo zilizokuwa zikimtoa mapema. Sasa zinagota kwenye ukuta wa 64. Waziri mmoja, Franck Riester, alikiri hadharani Januari ile kwamba wanawake wanaadhibiwa kidogo. "Kidogo" ile waliikumbuka mpaka Juni.

Wazoa taka wa Paris walikuwa wakiweza kustaafu na 57, wakaambiwa 59. Wakagoma karibu wiki tatu za Machi, taka zikafika kama tani 10,000 mitaani. Mfalme Charles wa Uingereza alipangiwa ziara yake ya kwanza ya kitaifa Paris mwezi huohuo. Iliahirishwa, akaanzia Ujerumani. Harufu ile naikumbuka. Nakumbuka pia kwamba jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama mkali asiyependa kelele, alikuwa akipita kwenye rundo la taka anasema, "Wana haki." Ndicho kilichonishangaza kuliko maandamano yenyewe.

Msafiri wa Köln

Nakuunga mkono kwamba si damu, na ushahidi uko jirani yako. Mimi niko Ujerumani. Hapa sheria ya kupandisha umri hadi 67 ilipitishwa 2007, inapanda polepole mpaka 2031. Moto wa namna ya Paris haukuwaka. Nilipofika nikadhani Wajerumani ni wapole. Baadaye mwenzangu kiwandani akanieleza: hapa mgomo wa kisiasa haukubaliki kisheria. Unagoma dhidi ya mwajiri ili upate mkataba wa pamoja, basi. Ukigoma dhidi ya sheria ya bunge, chama chako kinaweza kudaiwa fidia.

Tarehe 27 Machi 2023, wakati Paris inanuka taka, Ujerumani nzima treni na viwanja vya ndege vilisimama siku moja. Sababu ilikuwa mishahara. Watu walewale wapole, ila wamepita kwenye mlango walioachiwa wazi.

Na ile 67 hawakuisamehe. Chama cha siasa cha SPD, ambacho waziri wake ndiye aliyeisimamia, kilishuka hadi asilimia 23 kwenye uchaguzi wa 2009. Mwaka 2014 wakarudi na sheria ya kuwaruhusu waliochangia miaka 45 kuondoka na 63. Mjerumani aliandamana kwenye sanduku la kura, akasubiri miaka saba.

Mzee Chaki

Wanangu, nami nichangie. Nimefundisha miaka 34, nimestaafu, nipo Kondoa. Nawaandikia kwa simu ya mjukuu, mniwie radhi nikikosea.

Mmeanza kwa Wafaransa, hamjagusa jipu letu. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu. Vijana wengi mnalisikia neno lakini hamjui linakula wapi. Chukueni mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa milioni 1 kwa mwezi na miaka 30 ya kazi. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya watumishi wa umma, mshahara wa mwaka ukizidishwa kwa miezi 360 na kugawanywa kwa 540, nusu yake ikazidishwa mara 15.5 ikalipwa kwa mkupuo, yaani zote kwa pamoja ukistaafu, mkupuo ulikuwa shilingi milioni 62, na kila mwezi 333,000 hivi. Kwa kanuni ya Julai 2022, kigawanyo 580, asilimia 33, mara 12.5, mkupuo unakuwa milioni 30.7, na kila mwezi 416,000 hivi. Wakubwa walisema mifuko ingekufa kwa utaratibu wa zamani na kwamba cha kila mwezi kimeongezeka. Ni kweli kimeongezeka. Lakini mwalimu kijijini hajengi nyumba kwa 416,000. Alikuwa na msingi na kuta zinazosubiri bati miaka kumi, zinasubiri mkupuo. Mkupuo unaushika mkononi. Cha kila mwezi ni ahadi, na ukifa mapema umeiacha njiani.

Sasa rudini nyuma. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa ukazaliwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Kanuni mpya ikaja na asilimia 25. Hamkuona maandamano hata mtaa mmoja. Mlichokuwa hamuoni ni vyumba vya walimu, makundi ya WhatsApp, wabunge kuulizwa misibani, viongozi wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kutolala. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akakutana na viongozi wa vyama Ikulu, akasimamisha kanuni ile hadi 2023. Bila bango hata moja.

Ilirudi 2022 kwa asilimia 33, na kwenye bajeti ya Juni 2024 Waziri Mwigulu Nchemba akatangaza 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Kwa mtu wa mfano wangu ni milioni 37.2. Kwa hiyo msiseme sisi hatulalamiki. Tunalalamika kwa njia ya ndani.

Bint Mwalimu

Shikamoo Mzee wangu. Hesabu yako nimeisoma mara mbili, nimemtumia baba.

Naomba nikubaliane nusu. Njia ya ndani ilifanya kazi 2018, ni kweli. Ila angalia ilivyofanya kazi: mtu mmoja alisikia, mtu mmoja akasimamisha. Mwaka 2022 ikarudi, na yule aliyesimamisha hakuwepo tena. Kilichopatikana kwa huruma hakikuandikwa popote kama haki. Mfaransa naye alipigwa 2023, tusidanganyane. Siku 14 za maandamano ya pamoja hadi tarehe 6 Juni, na Rais Macron alikuwa ameshasaini usiku wa tarehe 14 Aprili, saa chache baada ya Baraza la Katiba kupitisha sehemu kubwa ya sheria. Ikaanza kutumika Septemba mosi. Mwenzangu kazini alilia bafuni.

Lakini deni lile halikufutika. Kila waziri mkuu aliyefuata alilikuta mezani. Oktoba 2025 Sébastien Lecornu, ili serikali yake isianguke, alitangaza kuisimamisha sheria ileile hadi baada ya uchaguzi wa rais wa 2027. Barabara ilishindwa 2023, ikakusanya malipo miaka miwili baadaye.

Nao wana kumbukumbu ya kushinda. Mwaka 1995 treni na metro zilisimama wiki tatu, Waziri Mkuu Alain Juppé akarudisha nyuma mpango wake wa pensheni. Mwaka 2006 mkataba wa ajira kwa vijana ulikuwa umeshapigiwa kura na kusainiwa, vijana wakaendelea, ukaondolewa. Mtoto wa Kifaransa anasimuliwa haya mezani kama sisi tunavyosimuliwa Majimaji. Walishindwa 2010, umri ulipotoka 60 kwenda 62, hilo pia wanasimuliana.

Nairobi Kwetu

Dada, Mzee, heshima. Niongeze ya Kenya, maana nyinyi mnatutumia kama mfano wa watu wa fujo.

Sisi pensheni hatukuipigania barabarani. Sheria ya NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ya 2013, ile ya kuondoa mchango wa shilingi 200 na kuleta asilimia 6 ya mshahara, ilikaa kortini karibu miaka kumi. Korti ya ajira ikaifuta Septemba 2022, Mahakama ya Rufaa ikaifufua Februari 2023, makato yakaanza na yanapanda kila Februari. Watu walinung'unika wakiangalia mshahara, wakaenda kazini.

Muswada wa Fedha 2024 ndio uliotutoa. Mkate, mafuta ya kupikia, pesa ya simu. Vijana waliuvunjavunja kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakauweka TikTok, bila kiongozi wa kukamatwa wala kununuliwa. Juni 25 wakafika ndani ya Bunge. Juni 26 Rais Ruto akasema hatausaini. Na tulizika. Makumi ya vijana. Kwa hivyo mtu akiniambia Wakenya tuna utamaduni wa maandamano, namuuliza kama amewahi kwenda kutafuta ndugu yake mochari.

Swali langu: kwa nini kijana wa Ufaransa wa miaka 20 aandamane kwa ajili ya 64? Wa kwetu wa miaka 20 hata kazi hana, pensheni ni hadithi.

Bint Mwalimu

Pole sana kaka. Niliwaona kwenye simu nikiwa kazini, nikashindwa kuendelea kulisha.

Swali lako ni zuri. Wanafunzi wengi waliingia baada ya 49.3, kwa hasira ya bunge kurukwa. Ila kuna jambo la ndani zaidi. Pensheni ya huku si akiba yako mwenyewe. Makato ya mfanyakazi wa leo yanamlipa mstaafu wa leo. Kijana anajua kwamba bibi yake anakula jasho la mama yake. Ukigusa umri umegusa mkataba wa nyumba nzima.

Na kugoma kuna bei. Siku ya mgomo hulipwi. Mtumishi wa serikali kuu akigoma saa moja anakatwa siku nzima. Watu wanachanga mfuko wa mgomo mtandaoni kuwalipia wa treni na wazoa taka. Kwenye kazi kama yetu mzee hawezi kuachwa bila kulishwa, basi mwenzangu alibandika karatasi kifuani, "Niko kwenye mgomo", akaendelea kumlisha bibi supu kijiko kwa kijiko. Bibi, ana miaka 91, akasoma ile karatasi polepole, akamshika mkono, akamwambia aongeze herufi ziwe kubwa.

Mama Kivu

Mimi ni wa Bukavu, sasa niko Bruxelles. Kwetu tuko na njia ingine: ville morte, mji kufa. Siku hiyo unafunga duka, hauwashi taxi, unabaki nyumbani. Hakuna mtu wa kupigwa risasi, barabara iko wazi. Tuliifanya mara mingi. Watu wa Ulaya hawaitambue kama maandamano, lakini kwetu ni kubwa, juu mama muuza ndizi anakula cha siku hiyo hiyo. Akifunga, amelala njaa kwa ajili ya neno lake.

Hapa Ubelgiji pia maandamano ni ya pensheni. Tarehe 14 Oktoba 2025 polisi walihesabu watu 80,000 hapa mjini, na mwezi wa Novemba mgomo wa siku tatu. Lakini hapa karibu nusu ya wafanyakazi wana kadi ya chama, Ufaransa ni kama mmoja kwa kumi. Kadi kidogo, miguu mingi. Hapa kadi mingi.

Fundi Bomba

Wakuu, samahani, lakini mnazungumzia watu wenye hati za mshahara. Mimi ni fundi bomba Mbagala kwa miaka 22. Sina mkupuo wa 33 wala wa 40. Mkigoma nyinyi mwajiri anahisi. Nikigoma mimi anayehisi ni mke wangu.

Bint Mwalimu

Fundi, sina jibu la kukutuliza. Umesema kweli kuliko sisi sote. Zanzibar ilianza pensheni jamii 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika 70, awe alikuwa na hati ya mshahara au mvuvi. Baadaye ilipanda hadi 50,000. Ni ndogo, lakini inamtambua mvuvi. Bara sijaona mtu akiibebea bango hiyo.

Mzawa wa Singida

Dada, nimesoma hadi hapa, nimelegea kidogo. Ila sheria zao ni tofauti. Huko ruhusa ipo, huku hakuna.

Bint Mwalimu

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Karatasi zinafanana! Ufaransa mwandaaji anapeleka taarifa kwa mkuu wa eneo siku 3 hadi 15 kabla. Kenya ni taarifa polisi siku 3 hadi 14 kabla. Kwetu sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Taarifa, mkuu, si ombi. Kwa maandishi sisi ndio wenye masharti mepesi. Tofauti ni kinachofuata karatasi ikishapokelewa. Huku inapangiwa njia na muda. Kwetu inajibiwa kwa taarifa za kiintelijensia, na neno "taarifa" likageuka "kibali" midomoni mwetu wenyewe, mpaka tunaamini ndivyo sheria ilivyo.

Wala huku si peponi. Aprili 2023 watu walipoanza kugonga masufuria kumzomea Macron, mkoa mmoja wa kusini ulipiga marufuku "vifaa vya sauti vya kubebeka", polisi wakanyang'anya watu masufuria. Ila asubuhi nchi nzima iliwauliza.

Na ile sentensi ya "Mtanzania haandamani" naona haiwezi kusemwa tena baada ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Watu walitoka, watu walikufa, intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Siku kadhaa WhatsApp ya baba ilibaki tiki moja. Niliogesha wazee wa watu huku sijui wangu yuko hai. Sitaki kulizungumza zaidi hapa, wenye misiba wapo jamvini.

Mzee Chaki

Mwanangu, umenigusa. Ngoja niwakumbushe na 2012. Walimu tuligoma. Tarehe 30 Julai, Jumatatu, shule zikabaki na watoto peke yao. Tulidai mishahara na posho. Siku chache tu mahakama ikasema mgomo si halali, tukarudi. Waandishi wakasahau.

Bint Mwalimu

Mzee, narudi baada ya siku mbili. Nimempigia baba Jumapili. Nilimsomea uzi wote, saa nzima, pamoja na hesabu yako. Nilipofika 2012 akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

Kumbe aligoma. Mimi nilikuwa chuo, mama alituambia baba anaumwa mgongo. Alikaa nyumbani siku tatu, mlango umefungwa, anasikia watoto wanacheza uwanjani saa za masomo, anasema kelele zile zilimuuma kuliko kitu chochote. Aliporudi, majina yalikuwa yameandikwa, akatakiwa kuandika barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua. Aliiandika kwa mkono, kurasa mbili, na nakala anayo kwenye sanduku la vyeti. Miaka yote hii hakutuambia.

Ameniambia ataipiga picha mdogo wangu akifika na simu yenye kamera nzuri.

Mzee Chaki

Mwambie namsalimu. Yangu ilikuwa ukurasa mmoja.